Bastola Iliyojua Njia ya Kurudi

Shamroz wa Darra hakuhitaji kumtazama mteja usoni ili amjue. Alimtazama magoti. Darra ni mji wa mafundi bunduki huko Pakistan, na tangu jua linapochomoza hadi adhana ya magharibi hakosekani fundi anayejaribu kazi ya mikono yake kwa kuifyatulia mlimani. Mwenyeji hata kikombe hakimtikisiki mkononi. Mgeni wa kawaida hushtuka kidogo, akajifanya anakohoa. Lakini kijana aliyeshuka kwenye basi dogo asubuhi ile ya Jumanne alikuwa akichuchumaa. Kila risasi ilipolia alikwenda chini mzima mzima, mikono kichwani, kisha akainuka, akakung'uta nguo, akapiga hatua mbili tatu, na mlio mwingine ukamrudisha chini.

Pembeni yake alitembea bikizee aliyevaa burka, vazi la kumfunika mwanamke tangu kichwani hadi miguuni, amemshika mkono wa nguo kama mtu anayepeleka mbuzi mnadani. Yeye hakushtuka hata mara moja.

Shamroz akaweka kikombe chini. "Mungu akitaka kukulisha," alimwambia shemeji yake Tawas, "hakuletei mkate mdomoni. Anakuletea mtu anayeogopa mlio, amekuja kununua kinacholia."

Tawas hakungoja kuambiwa zaidi. Alichukua furushi lake, ambalo ndani yake mlikuwa na koti la rangi ya kiaskari na filimbi, akaondoka kwenda kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Baba mkwe wao, Haji Lalbaz, alikuwa fundi mwenye heshima kuliko wote sokoni, na alikuwa na bastola moja ya Kibelgiji aliyorudi nayo kutoka Kuwait enzi za ujana wake. Kila Ijumaa aliifunga kiunoni akaenda nayo msikitini, watu wakampisha njia. Siku nyingine ililala sandukuni, na Shamroz, ambaye hakupenda kuona mali ikikaa bure, aliona hiyo ni dhambi. Basi aliiuza. Aliiuza kwa bei ambayo mtu mwenye akili timamu hawezi kuikataa, mnunuzi akapanda gari akifurahi, na kwenye kona ya mlimani akakutana na askari mkali mwenye filimbi aliyetaka kuona kibali. Kibali hakikuwapo. Mnunuzi alipewa hiari kati ya jela na kuendelea na safari, na wote waliendelea na safari, tena wakishukuru. Bastola ilikuwa sandukuni kabla ya chakula cha jioni. Nazmin, mke wa Shamroz, aliyekuwa na ufunguo, aliamini inapelekwa kutiwa mafuta. Aliwahi kusema kwamba hajapata kuona chuma kinachopenda mafuta namna ile.

Ilikwisha kuuzwa kwa mfanyabiashara wa Multan, kwa mpiga mieleka wa Gujranwala, kwa ndugu wawili waliochangishana, na kwa wengine ambao Mungu anawajua. Shamroz alilala usingizi mzuri. Wote, alijiambia, walipata bastola bora kwa bei nafuu. Hakuna aliyedanganywa kuhusu bidhaa. Walidanganywa kuhusu barabara tu.

Basi akamwendea kijana, akamwinua kutoka chini kwa adabu kama anayemwinua mgonjwa, akawakaribisha chai. Jina lake lilikuwa Ibadat, mpika halua kutoka Mardan. Bikizee ni bibi yake mzaa baba, Bibi Sherbano. Shida yao ilikuwa ndogo na kubwa kwa pamoja: Ibadat amechumbia, na baba wa binti amesema hatoi mtoto wake kwenye nyumba isiyo na silaha, maana nyumba ya namna hiyo kwake ni sawa na nyumba isiyo na mlango. Hawajapata kununua bastola maishani. Wanataka iliyo nzuri, na fedha zao ni za halua.

Shamroz akaweka mkono kifuani. Alisema wamebahatika kumkuta yeye kabla ya kuwakuta wezi. Akawatembeza duka kwa duka, na hapo, kwa haki ya Mungu, alifanya kazi nzuri kuliko mwalimu yeyote. Alimfundisha Ibadat kwamba bastola ya kwanza isinunuliwe kwa macho bali kwa kiganja: ikikaa mkononi kama mkono wa rafiki, hiyo ni yako, ikikulemea, hiyo ni ya mwenzio. Alimwambia asihadaike na nakshi za fedha, kwani nakshi hazifyatui. Aulize kwanza risasi zake zinapatikana wapi, na ikiharibika nani ataitengeneza. Kisha alichukua zile za wenzake mojamoja akazitoa kasoro bila huruma. Hii mtutu wake umepinda. Hii kibonyezo cha usalama ni pambo tu. Na hii, alisema akiirudisha mezani kwa vidole viwili, inaua, ila bado haijaamua inamuua nani.

Wenye maduka walimtazama kwa jicho ambalo halielezeki mbele ya watoto.

Ibadat akakata tamaa kabisa. Ndipo Shamroz, kama anayeumwa kulisema, akataja kwamba yupo mzee mmoja mwenye Kibelgiji halisi, anahitaji fedha za matibabu, hataki jina lake litajwe. Akaenda nyumbani akarudi nayo, imefungwa kitambaa cha kijani. Akalenga mlima, akapiga, akaupata. Ibadat, kutoka chini alikokuwa, alikiri kwamba ni bastola nzuri. Bei ilipotajwa, kijana alitaka kumbusu.

Bibi Sherbano hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Sasa burka ikasogea.

"Mbona rahisi hivyo?"

"Bibi yangu, kizuri chajiuza," alisema Shamroz.

"Ndiyo, na kibaya chajitembeza," alisema bibi. "Tangu asubuhi anayetembea ni wewe."

Shamroz akacheka, akamwapia kwa macho yake yote mawili. Bibi akafungua fundo la shuka yake akahesabu fedha polepole. Alipomaliza, aliichukua bastola yeye mwenyewe, si mjukuu wake, ikapotea ndani ya burka. Shamroz aliliona hilo. Lakini mtu aliyeshika fedha mkononi huona mengi asiyatilie maanani.

Alipanda pikipiki akakatiza njia ya korongoni ili awahi kona. Alipenda kuangalia. Alikuwa na jiwe lake huko juu, akikaa na karanga zake kama mtu aliyelipa kiingilio.

Basi lilipofika, Tawas alipuliza filimbi vizuri sana. Akaamuru wanaume washuke. Akampekua Ibadat tangu kilembani hadi viatuni, akatoa karatasi yenye kipande cha halua. Akampekua tena. Akatazama juu kule kwenye jiwe, kosa ambalo askari wa kweli hafanyi, na Shamroz akamwonyesha kwa kichwa: bibi. Tawas akaelewa, na rangi ikamtoka.

Kwa maana katika nchi ile mwanamume anaweza kuiba ng'ombe, akahama na mpaka wa shamba la jirani, na bado baraza la wazee likamsikiliza. Lakini kunyoosha mkono kumpekua mwanamke, tena mzee, tena mbele ya watu, hilo hata wazee hawalijadili; hubaki kutafutana kaburi tu.

"Bibi," alisema Tawas kwa sauti iliyokwisha kupungua ukali, "samahani, ni kazi tu. Kuna mzigo wowote humo?"

"Mwanangu, unasema unataka kunipekua?"

Wanaume waliokuwa wamesimama kando wakaanza kusogea taratibu.

"Mimi? Hapana, bibi."

"Basi nani anataka? Aje nimwone."

Tawas alitazama tena juu. Jiwe lilikuwa pale pale, ila aliyekuwa nyuma yake alikuwa amelala kifudifudi na kujifunika skafu.

Bibi Sherbano akamwuliza ni mtoto wa nani. Kwa hofu Tawas akasema kweli. Bibi akamwuliza ukoo wa mama, akasema hata huo. Ikatokea kwamba bibi alihudhuria harusi ya shangazi mkubwa wa Tawas, na alikumbuka mchele uliungua. Akamwuliza kama mama yake anajua kwamba anapuliza filimbi barabarani. Tawas alisema hajui. Bibi akamwambia ainame, akamtia kipande cha halua mdomoni kwa mkono wake mwenyewe, akampa salamu ampelekee mama. Basi likaondoka. Tawas, mdomo umejaa, akalipigia saluti.

Shamroz hakumgombeza. Alishuka kutoka jiweni, akaketi barabarani. Ilikuwa Jumanne, na Ijumaa Haji Lalbaz angefungua sanduku. Haji hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa na mabinti wawili, na siku alipowaoza aliwaambia wakwe zake neno moja tu: kwamba yeye hupiga kwanza, halafu huuliza, kwa sababu aliyepigwa hujibu kwa ufupi. Tawas, aliyekuwa mume wa binti mdogo, alikumbuka neno hilo, akakumbuka pia kwamba ana rafiki Karachi, na jioni ile ile akaenda kumsalimu.

Jumatano Shamroz alifika Mardan peke yake. Duka la halua lilikuwa mbele, nyumba nyuma, na katikati chumba cha wageni. Alikaribishwa vizuri mno. Ibadat alimletea chai ya kijani yenye iliki, halua ya karoti, halua ya unga, halua nyeusi ya Multan. Bibi Sherbano aliketi nyuma ya pazia, sauti yake ikapita.

Shamroz alianza kwa uso wa majonzi. Alisema hakupata usingizi. Baada ya wao kuondoka aligundua kwamba bastola ile ina ufa mdogo ndani, inaweza kupasuka mkononi mwa kijana. Amekuja kuichukua na kurudisha fedha zao, maana yeye ni mtu wa dini.

"Mungu akuzidishie," alisema bibi. "Ibadat, ichukue hiyo bastola ukaitupe mferejini, isije ikamuumiza mtoto wa mtu. Hata huyu ndugu yetu hatuwezi kumwachia abebe hatari njia nzima."

Ibadat aliinuka kweli. Ilibidi Shamroz amshike mguu. Akasema ufa wenyewe si mkubwa kiasi hicho. Akasema, kama ni ukweli mtupu, hakuna ufa. Aliona haya kusema jambo lenyewe. Jambo lenyewe ni damu. Bastola ile iliua mtu, na ndugu wa marehemu wanaitafuta. Atakayekutwa nayo watamlipiza.

Kisha bibi akasema kwamba hilo ni zito. Kumpa mgeni deni la damu mlangoni mwako ni aibu isiyofutika. Bora wafe wao. Ila kesho asubuhi ataita wazee wa mtaa, na wazee watatuma ujumbe kwa ndugu wa marehemu, na Shamroz atasimama mbele yao aeleze yote. Aliuliza marehemu aliitwa nani.

Shamroz alifungua mdomo. Alikuwa na majina mengi, lakini kila jina lilikuwa la mtu aliye hai mahali fulani.

"Njia ya mwongo fupi, mwanangu," alisema bibi, bila ukali. "Na yako imefika ukutani. Kula halua, halafu useme."

Akasema. Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyodhani, kwa sababu ukweli hakuwa ameufanyia mazoezi. Alieleza kuhusu sanduku, ufunguo wa Nazmin, Tawas na filimbi, yule wa Multan, yule wa mieleka. Alieleza kuhusu Ijumaa. Aliahidi kurudisha fedha, na nyingine juu yake, na nyingine juu ya hizo. Ibadat alisikiliza mdomo wazi, birika mkononi, chai ikamwagikia zulia.

"Kumbe ina mwenyewe," alisema bibi.

"Ina mwenyewe, bibi. Nipe nimrudishie."

"Wewe? Aliyeibiwa hurudishiwa na mtu wa kuaminika. Ijumaa tutampelekea wenyewe, na halua kidogo, tumwombe radhi kwa kununua mali yake bila kujua."

Maji yalikuwa yamemfika Shamroz puani. Akafanya jambo ambalo mwanamume wa huko hulifanya mara moja maishani, na anayejiheshimu halifanyi kabisa. Alitoka hadi mlangoni, akalala kifudifudi juu ya kizingiti, vumbi likamwingia ndevuni, akasema, "Nimeingia kwenu." Mtu akishasema hivyo, hata kama ni adui aliyeua, nyumba humpokea na kumlinda.

"Umepokewa," alisema Bibi Sherbano. "Ukiwa ndani ya kizingiti hicho, hakuna atakayekugusa. Hata baba mkwe wako."

"Na bastola?"

"Bastola haikuomba hifadhi."

Ijumaa asubuhi bibi na mjukuu walikwenda Darra na basi la kwanza. Haji Lalbaz alikuwa ndiyo kwanza anafungua sanduku. Kilichosemwa hapo Nazmin alikisimulia baadaye kwa miaka mingi, kila mara kikirefuka kidogo. Inatosha kusema kwamba Haji alipokea bastola kwa mikono miwili, akaibusu, akawarudishia wageni fedha zao zote kutoka mfukoni mwake kwa aibu ya ukoo. Kisha akafungua kabati, akampa Ibadat bastola mpya aliyoitengeneza kwa mkono wake, bure, na risasi zake. Ndivyo Ibadat alivyopata bastola bora kwa bei ambayo hata Shamroz hakuwahi kuthubutu kuitaja. Swala ilipokwisha, Haji aliifunga Kibelgiji yake kiunoni akapanda nao basi kurudi Mardan. Akavuta kitanda cha kamba, akakiweka upande wa pili wa barabara, akaketi akilitazama duka la halua.

Shamroz alikuwa ndani. Mtu anayelindwa hakatazwi kusaidia kazi, na harusi ilikuwa imekaribia, kwa hiyo Bibi Sherbano alimpa mwiko wenye urefu wa kasia na sufuria ambamo ng'ombe angeweza kuoga. Alikoroga. Mabega ambayo hayakuwahi kubeba kitu kizito kuliko uongo yaliwaka moto. Akiinua macho, anamwona Haji. Haji alikunywa chai. Ibadat alimpelekea halua, kwa kuwa naye ni mgeni.

Siku zikapita hivyo. Baadaye Haji alianza kuumwa na mgongo, na Nazmin alikuwa ametuma ujumbe kwamba kama mume wake amekufa aambiwe, na kama hajafa aambiwe pia. Haji akasogeza kitanda hadi mlangoni, miguu nje ya kizingiti.

"Mkwe," alisema, "toka nikupige risasi moja ya mguu, tumalize. Twende nyumbani."

Shamroz aliacha kukoroga. Aliisikia sauti ya mtu anayetaja bei ya kwanza, na damu ikaanza kumtembea mwilini upya.

"Mguu upi, baba?"

"Wowote."

Shamroz alieleza kwa heshima kwamba wa kulia ndio wa kuwashia pikipiki, na ni pikipiki inayompeleka Nazmin kwa tabibu. Wa kushoto una baridi yabisi, na kuupiga ni kumpunguzia maumivu, yaani si adhabu. Haji alifikiri. Akashuka hadi kidole. Shamroz akauliza kidole kidogo kitamfundisha nini mtu mzima. Walipatana tangu adhuhuri hadi alasiri, wapita njia wakasimama, wengine wakatoa maoni. Mwishowe walikubaliana kwamba aibu ya mwanamume iko kwenye kilemba. Kilemba cha Shamroz kitatundikwa juu ya mti uani, Haji atakitoboa mbele ya watu, na heshima itakuwa imelipwa. Bibi Sherbano alisema inakubalika, mradi wasiharibu kitu chake.

Mtaa mzima ulikuja. Haji alisimama umbali ambao hata mtoto angeweza kurusha jiwe akakipata. Akalenga, akapiga. Kilemba hakikutikisika. Akapiga tena; kuku wa jirani akakimbia upande ambao hakuna aliyemtarajia. Ya tatu ilitoboa sufuria ya harusi, halua ikaanza kutiririka uani kama mto mdogo wa dhahabu. Ibadat alikuwa chini tangu risasi ya kwanza.

Kila mtu alianza kufikiri wazo moja, na Haji alikuwa wa kwanza kulifikia. Ile Kibelgiji, tangu Kuwait, haikuwahi kupigwa penginepo ila mlimani, na mlima hakuna anayeukosa. Mzee alisimama nayo mkononi, masikio yamekuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza alionekana mdogo.

Hapo Shamroz alisogea mbele ya watu, akainua mikono yake yenye sukari. Alisema wamejionea wenyewe. Mkono wa Haji Lalbaz hutoboa jicho la nzi. Angetaka, kilemba kingekuwa majivu. Lakini mara tatu amelenga heshima ya mkwe wake, na mara tatu huruma imemgeuza mkono. Ni nani mwenye baba kama huyu? Watu wakaguna, wengine wakafuta macho. Mzee mmoja akamkumbatia Haji. Haji akalipia sufuria bila kuulizwa bei, akasema kwa sauti nzito kwamba amesamehe.

Wakashika njia ya kituo cha basi wawili. Walipofika, Haji aliitoa bastola, akaigeuzageuza, akachungulia mtutu kwa jicho la fundi, akaguna.

"Yule wa Multan," alisema, "alitoa ngapi?"

Shamroz akamwambia.

"Kwa hii?"

"Kwa hiyo, baba."

"Na yule wa mieleka?"

Akamwambia na ya mieleka. Haji aliketi kwenye benchi. Alitazama barabara kwa muda, midomo ikitembea kama anayesoma uradi, vidole vikikunjuka kimoja baada ya kingine.

"Na mara zote hizo," alisema hatimaye, "fungu langu liko wapi?"

Shamroz aliketi kando yake. Alisema kwanza lazima waondoe gharama. Haji akauliza gharama zipi, na bastola ni yake. Basi la kwanza liliwaacha wakipatana. La pili pia.